Karani Hakuwa na Meno

Lubumbashi, 14 Machi 2003

Mujomba Soudi, asalaam aleikum.

Ni mimi Riziki, mtoto wa dada yako. Tuko wazima. Ndege ya misaada ilitufikisha vizuri, Mama alitapika mara mbili, mimi hapana. Baba alitungoja uwanjani. Nilimwogopa kidogo kwa sababu sasa ana ndevu. Hapa asubuhi ni baridi, na shuleni wananicheka kwa Kiswahili changu cha Kindu, nami nawacheka kwa chao.

Mama anasema karatasi hii ni ya habari za familia tu, na watu wa misaada wanaisoma njiani kabla haijakufikia. Basi nauliza habari za familia. Kasuku wangu Karani hajambo? Ulipomchukua kule porini ulisema utamwacha mahali pazuri, kisha utaniambia ni wapi. Tumepanda ndege hujaniambia. Anapata ngazi, zile chikichi zake, za kula? Bado anaita jina langu?

Nimemchora hapa chini. Mkia nimeupaka kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Hajui.

Riziki

*

Kindu, 2 Juni 2003

Riziki, mutoto wa dada yangu,

Karatasi yako ilitembea wiki kumi na moja. Imefika na matope, lakini mukia ungali mwekundu. Sisi tunapumua. Muke wangu Mama Ali amezaa mutoto mwanamume, njo huyo Ali mwenyewe, analia kama filimbi ya treni. Bunduki zimepunguza maneno. Mihogo iko.

Habari ya Karani ni hii. Nilimupeleka ng'ambo ya kijito, mahali kasuku wote wa Maniema wanakutana. Walipomuona anatembea na mikono nyuma kama karani wa ofisi, wakasema, "Huyu amesoma. Awe mufalme wetu." Kesho yake wakamuvisha taji la manyoya mekundu, kila kasuku alitoa moja. Sasa iko na kazi nyingi, anaamua kesi za ndege toka asubuhi. Hawezi kuandika.

Usimungojee. Soma sana. Salimu mama yako.

Mujomba wako, Soudi

*

Lubumbashi, 4 Februari 2024

Mujomba wangu,

Amani kwako na kwa Mama Ali. Natumaini kiuno chako kimeacha siasa. Huku binti yangu Fifi ameng'oka jino la pili, akiongea anapiga mluzi. Mama anakusalimu sana. Macho yake yana ukungu, juzi ametia chumvi kwenye chai akainywa yote asijiaibishe, na bado hataki kusikia neno daktari.

Najua simu kwako ni chombo cha kutangazia misiba, ndiyo maana nakuandikia na kumpa barua Yannick, anayefanya kazi kwenye treni. Ndani ya bahasha utakuta kidude kidogo cheusi. Usikitupe. Ndani yake imo filamu.

Unakumbuka kila barua uliyoniletea baada ya vita ilikuwa na kesi mpya ya Mfalme Karani? Kesi ya bundi na jua, kesi ya nyani aliyeiba yai? Nilizitia kitabuni, kitabu unacho. Sasa studio ninapochora tumekigeuza filamu ya katuni. Watu tisa, miaka mitatu, dakika sabini na mbili. Jina lake ni "Mfalme Karani."

Mwezi wa saba tutaionyesha Kindu, kwenye ukumbi wa Mikelenge, karibu na nyumbani kwako. Kabla ya siku hiyo nataka uitazame kwa jicho la mtu wa ndege, uniambie ukweli. Wewe ndiye mtu wa kwanza nje ya studio kuiona. Usinihurumie.

Mtoto wako, Riziki

*

Kindu, 19 Machi 2024

Riziki, binti ya dada yangu,

Yannick alifika na barua yako siku ya pili ya mfungo, akasema treni ilipumzika njiani kama mugonjwa. Sisi hatujambo. Ali amepata kazi ya kuchomelea vyuma, amechoma viatu vyake vyote. Mwambie mama yako kwamba mzee Kassim wa hapa alipasuliwa jicho, na sasa anaona mpaka madeni ya watu. Aende.

Filamu nimeiona mara tatu. Nilivuka na mutumbwi mpaka Alunguli kwa Elie, mwenye chumba cha video. Watu walikuwa wamekuja kuona mupira. Elie akawaambia, "Leo tunaona kazi ya mutoto wa Mujomba Soudi." Walinung'unika dakika tano, kisha hakuna aliyekohoa. Mara ya pili Mama Ali naye alikuja, akalia kwenye mvua. Ile mvua ni mvua kweli, inanyesha kwanza kwa mbali, unaisikia kwenye majani kabla haijakugusa. Muntu aliyechora ile mvua amewahi kulowa.

Uliniambia nisikuhurumie.

Riziki, kasuku wako iko na meno! Nilisimamisha filamu nikahesabu: kumi na manne juu, chini sikuweza, alifunga mudomo. Kasuku hana jino hata moja. Anacheka na macho. Akifurahi, mboni inakuwa ndogo, inakuwa kubwa, inakuwa ndogo, kama muntu anayepepeta. Mungemuchora hivyo.

Macho yenyewe munamutia rangi ya buluu toka kifaranga mpaka mufalme. Kifaranga iko na jicho jeusi, anapokua linageuka kuwa la manjano hafifu. Njo hivyo tunajua huyu ni mutoto, huyu mukubwa.

Munamurusha kama tai, mabawa yamenyooka, anaelea. Kasuku haelei. Anapiga mabawa haraka haraka bila kupumzika, kama mama aliyekumbuka sufuria kwenye moto, na kelele juu.

Bundi anazungusha macho. Macho ya bundi hayazunguki, njo sababu anageuza shingo. Mama hondohondo anakwenda sokoni na kikapu wakati ana mayai! Wakati wa mayai yeye iko ndani ya muti, mulango umezibwa kwa udongo, mume anamulisha kupitia tundu. Kama mume anakwenda na kikapu, sawa.

Miguu ni sawasawa. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Nilisimama nikawaonyesha watu wa Elie: "Tazama, vidole!" Wakaniomba nikae.

Pale ambapo yule musichana anamuficha kasuku ndani ya kikapu, nilitoka nje. Kulikuwa na joto.

Juu ya mwisho, sina neno.

Mujomba wako, Soudi

*

Lubumbashi, 22 Aprili 2024

Mujomba,

Idi njema iliyopita. Mama amekubali kwenda kwa daktari kwa sababu ya yale madeni ya mzee Kassim, alicheka mpaka akashika ukuta. Watampasua mwezi wa saba. Fifi anamwita kila mtu asiye na meno "kasuku."

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya studio nzima. Alain, mwongozaji wetu, aliketi juu ya meza.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mjomba wangu."

"Ni profesa wa ndege?"

"Fundi wa baiskeli."

Akasema kasuku asiye na meno hawezi kutabasamu, na watoto wanataka tabasamu. Nikamwambia kuhusu mboni. Akaenda kwenye mashine yake, na saa tisa alasiri akaniita: Karani anacheka kwa macho, mdomo umefungwa. Mujomba, ni mara kumi bora! Meno tumeyang'oa yote. Bundi sasa anageuza shingo. Macho ya kifaranga ni meusi. Mabawa tunajitahidi. Hondohondo haiwezekani tena, wimbo wake wa sokoni umekwisha kurekodiwa, nisamehe kwa niaba yake.

Lakini wewe unayehesabu meno, mbona mwisho umeuruka? Karani anakombolewa na mtu mwema, anarushwa juu kwa mikono miwili, anapaa na kundi lote linamzunguka. Ndio mwisho uliouandika wewe katika barua za baadaye. Alain anataka upande jukwaani siku hiyo uwasimulie watu jinsi ulivyomwachia huru. Dakika tano tu.

Riziki

*

Kindu, 11 Mei 2024

Riziki,

Tumefurahi kwa habari ya jicho. Mvua za mwisho zinapiga, barabara ya Kailo imekuwa bwawa. Ali amenunua viatu vingine.

Nyumbani kwangu sasa niko na kasuku tisa. Watu wa mazingira wanawanyang'anya wategaji, wananiletea. Wanafika na ulimbo kwenye manyoya, wengine mabawa yamekatwa kwa mukasi. Ninawaosha na mafuta ya mawese, halafu majivu, halafu maji, na wananiuma kwa shukrani. Kidole changu cha shahada sasa kinashuhudia kidogo kidogo. Manyoya yaliyokatwa hayatengenezwi, unangoja yaanguke yenyewe, mapya yaote. Mwaka, wakati mwingine zaidi. Uvumilivu njo dawa.

Jukwaani sitapanda. Kiuno. Mutafute muntu mwingine anayejua kusema.

Soudi

*Mimi ni Mama Ali, naongeza hapa chini mwenye barua anapokwenda kunawa. Kiuno hakina neno, juzi alipanda muchikichi. Tangu filamu anakaa na kasuku zake haongei na sisi. Muulize juu ya Karani, lakini pole pole.*

*

Lubumbashi, 3 Juni 2024

Mujomba,

Leo naanza bila habari za nyumbani. Wote wazima.

Nitakuambia mimi kwanza, labda itakuwa rahisi kwako.

Mwaka ule wa 2002, tulipokimbia mji, ulisema Karani abaki. Ulifungua kitundu, ukasema, "Ndege anajua njia yake." Mimi nikamfunika kwa majani ya mihogo ndani ya kikapu, nikambeba. Hukunichapa tulipofika porini, ulinitazama tu. Siku ya tatu watu wa bunduki walipita kwenye njia, familia zote tumelala kifudifudi kwenye majani, na Karani akaita kwa sauti ya Mama: "Riziki! Uji tayari!"

Nakumbuka viatu vilisimama. Nakumbuka mtu mmoja akasema, "Kuna mwanamke humu," na mwingine akacheka, "Ni kasuku," na viatu vikaendelea. Mama alikuwa ameniziba mdomo kwa mkono mpaka nikaonja damu. Jioni ile watu wazima walikaa pamoja, na asubuhi ukamchukua.

Nina miaka thelathini. Nimeandika kitabu kizima kuhusu ndege yule na sijaandika kwamba nusura watu ishirini wauawe kwa sababu yangu. Katika filamu, msichana anamficha kasuku naye anaonekana shujaa. Wewe ulitoka nje pale. Nilidhani umekasirika na mimi.

Kama ulimchinja, niambie. Nitaelewa. Nilishaelewa zamani, nadhani.

Riziki

*

Kindu, 30 Juni 2024

Mutoto wangu Riziki,

Yannick alinipa barua yako mukononi. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi.

Sikumuchinja. Kwanza jua hilo.

Sikukasirika na wewe. Ulikuwa na miaka minane. Nilitoka nje kwa Elie kwa sababu yangu mwenyewe. Sasa sikia.

Wakati ule mulinijua fundi wa baiskeli. Ni kweli, lakini nilipokwenda vijijini "kutengeneza baiskeli" nilikuwa natega kasuku kwa ulimbo. Kulikuwa na muchuuzi, anachukua kumi, ishirini, wanapakiwa kwenye ndege ya mizigo kama vitunguu. Nusu wanakufa njiani, nilijua. Karani alikuwa mutoto kwenye mutego, jicho lingali jeusi. Nilikuletea ndani ya kofia, ukafurahi sana. Na ili asiruke, nilimukata mabawa mimi, kwa mukasi wa mama yako. Kila miezi michache nilimukata tena. Niliposema kule mujini "ndege anajua njia yake," nilijua hawezi kuruka kuvuka hata kiwanja. Wewe na kikapu chako mulikuwa wema kuliko mimi.

Asubuhi ile nilimubeba mpaka mbali, nikamuweka juu ya tawi. Nikageuka. Nikasikia nyuma yangu kwenye majani: chaka, chaka. Ameshuka kwa mudomo na miguu, ananifuata kwa kutembea, mikono nyuma. Nikamurudisha juu. Akashuka. Mara tatu, Riziki. Anasema, "Karibu, karibu," kama tulivyomufundisha. Tulifika kwenye kijito, kuna gogo la kuvukia. Nilivuka peke yangu, halafu nilivuta gogo likaenda na maji. Akabaki ng'ambo. Akaita jina langu kwa sauti ya mama yako. Sikugeuka.

Hakuna aliyemurusha juu kwa mikono miwili. Ulipouliza katika ile karatasi ya misaada, niliona inasomwa na watu, nikaandika mufalme. Halafu ukauliza tena, nikaandika kesi. Ilikuwa tamu kuandika. Mpaka nikaona kwenye ukuta wa Elie muntu mwema mwenye ndevu zangu anamurusha, na watu wanapiga makofi.

Ulimbo sijagusa toka siku ile. Nilisema hivyo kwa Mama Ali jana, naye akasema alijua siku zote, nguo zangu zilikuwa zinanata.

Soudi

*

Lubumbashi, 9 Julai 2024

Mujomba,

Nimempa Alain barua hii kwa kuwa anakuja na ndege, itafika kabla sijajuta.

Nimelia, kisha nikacheka kwa Mama Ali na nguo zinazonata, kisha nikamsomea Mama. Akasema, "Kaka yangu alivuta gogo, nami niko hai kutiwa dawa ya macho." Basi. Akaomba chai.

Sitaweza kuja. Watampasua Mama siku hiyohiyo ya onyesho, na hataki mkono mwingine ila wangu.

Sauti ya msimulizi kwa Kiswahili cha Kindu hatujairekodi bado, na picha za mwisho tunaweza kuzikata kabla filamu haijaenda kwingine. Wewe uamue. Ukisema mwisho ule ni uongo, nitauchora upya, Alain anajua. Tazama pamoja na watu, halafu niambie. Jukwaa usipotaka, usipande.

Ninakupenda na mikasi yako yote.

Riziki

*

Kindu, 2 Agosti 2024

Riziki, na dada yangu mwenye jicho jipya,

Yannick amenisomea ujumbe kwenye simu yake: Dada ameona sindano ikianguka chini, ameiokota. Alhamdulillahi. Sasa atie sukari kwenye chai.

Ukumbi wa Mikelenge ulijaa mpaka madirishani. Alain ni kijana mwembamba, anakula vizuri. Alipofika alitaka kuona ulimi wa kasuku kwa karibu ili auchore. Nilimuonya. Kidole gumba chake sasa kimefungwa kitambaa, lakini ulimi aliuona.

Wakaniita jukwaani. Sikutaka, Mama Ali akanisukuma mugongoni kwa kiwiko. Nilisimama pale nikasema: "Mimi njo Mujomba Soudi. Kasuku wa filamu hii alikuwepo. Jina lake Karani. Nilimukata mabawa kwa mukono wangu, na wakati wa vita nilimuacha ng'ambo ya kijito, hawezi kuruka. Mutaona mwisho mwingine. Mujue kwamba mwisho ule si mimi." Nikashuka.

Nilifikiri nimeharibu kazi yako. Halafu mutoto wa kike mbele akauliza kwa sauti kubwa, "Mabawa yakikatwa yanaota tena?"

"Yanaota," nikasema. "Kwa mwaka."

"Basi," akasema, akageuka kungoja filamu.

Nilikaa karibu na Mama Jeannette, ambaye alilala nasi kwenye majani siku ile ya viatu. Kicheko cha macho kilipotokea, ukumbi wote ulicheka, na meno hawakuyatafuta. Bundi aligeuza shingo, nikapiga makofi peke yangu. Mwisho ulipofika, yule mwenye ndevu akamuinua Karani, nikataka kutoka. Mama Jeannette akashika mukono wangu akabana. Karani akapaa, vibaya bado, kama tai, na watoto wakasimama juu ya viti wakipiga kelele. Mama Jeannette akasema polepole, si kwangu, "Haya, nenda. Nenda baba." Kila muntu wa umri wetu mule ndani alikuwa anamuaga muntu wake. Niliona mashavu yao.

Usiukate. Mimi muntu wa ndege nasema ni uongo toka unyoya wa kwanza mpaka wa mwisho. Acha hivyo. Ila mabawa yapige haraka, nakuomba. Na ile sauti ya msimulizi nitaisema mimi, nimekubaliana na Alain.

Neno moja zaidi. Jumapili nilimuchukua Alain kwa pikipiki mpaka kwenye kijito, barabara ya Kailo. Sikuwa nimerudi pale toka siku ile. Pori limekuwa mashamba upande huu, mihogo na karanga. Ng'ambo muti ungalipo. Mwanamuke anayelima pale akatuambia, "Mumekuja kuona kasuku? Ngojeni, wanarudi saa kumi na moja." Tukakaa juu ya jembe lake. Wakaja, Riziki. Wachache wachache, halafu wengi, labda mia mbili, wanapiga mabawa haraka, mikia myekundu, kelele kama soko la Jumamosi. Alain aliacha kuchora, alifungua mudomo tu.

Nilisikiliza kila mumoja kwa bidii. Hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyesema uji. Hakuna aliyeita muntu. Walikuwa wanasema maneno yao wenyewe, ya kasuku, mpaka jua likashuka, na sikuelewa hata moja. Nilirudi nyumbani ninaimba, Alain ni shahidi.

Mujomba wako, Soudi